Pembe zikiwa bado na mahameli: vitabu vya rekodi huzipima vipi?

Ayala dume akiangushwa katikati ya Agosti huko Nevada, au mwanzoni mwa Septemba huko Kentucky, mara nyingi pembe zake haziko wazi. Zimefunikwa na ngozi yenye manyoya mafupi, laini mkononi kama kitambaa cha mahameli, na kwa jina hilohilo wawindaji wa Amerika Kaskazini huiita. Ni sura ya kuvutia sana. Lakini kichwa kikifika kwa mpimaji huzuka swali linaloleta ubishi kila mwaka: zipimwe na ngozi yake, au ivuliwe kwanza?

Inategemea kitabu cha rekodi, yaani orodha ambamo klabu ya wawindaji huandika pembe kubwa zaidi. Klabu ya Boone and Crockett haipokei pembe zenye mahameli: ngozi lazima itoke, ndipo mfupa upimwe. Klabu ya Pope and Young, inayoandikisha wanyama waliopigwa kwa upinde tu, huzipokea na kuziweka katika kundi lake peke yake, lenye rekodi zake za dunia. Kwa mtu anayetaka kujua kanuni tu, hayo yanatosha. Hayamtoshi mtu mwenye kichwa kinachoanza kunuka nyuma ya gari. Mahameli ikishavuliwa hairudi, na isipohifadhiwa mapema huoza yenyewe. Kwa hiyo uamuzi wa kitabu gani unakitaka hufanyika saa chache baada ya mnyama kuanguka, ilhali mpimaji atafungua utepe wake miezi miwili baadaye. Hapo ndipo watu wengi hukosea.

Pembe hizi si za swala

Kiswahili kina neno moja, pembe, kwa vitu viwili visivyofanana. Pembe ya tandala au ya nyati ni kiini cha mfupa kilichovikwa ala ngumu, ya kitu kilekile kinachotengeneza kucha na kwato. Huanza kumea mnyama akiwa mdogo, naye hufa nayo. Hizo ndizo pembe zinazopimwa na vitabu vya Rowland Ward na Safari Club International katika uwindaji wa Tanzania, na kwa wanyama hao swali la mahameli haliwezi kuzuka.

Pembe ya ayala ni mfupa mtupu. Huota upya kila mwaka juu ya kisiki kilichoko kichwani, hukomaa, hutumika kupigania majike, kisha hudondoka. Kusini mwa Sahara ayala wa asili hayupo. Katika bara zima alibaki Algeria na Tunisia peke yake, na Moroko amerudishwa na watu, na wengi wetu tunamjua kutoka Zaburi ya 42 kuliko kutoka porini.

Mahameli ni ngozi inayoulisha mfupa huo unapokua. Imejaa mishipa ya damu na ya fahamu, ndiyo maana pembe changa ni ya moto ukiishika na hutoa damu ikikwaruzwa. Kasi yake ni kubwa mno: pembe za elki dume, ayala mkubwa wa Amerika Kaskazini, zinaweza kuongezeka karibu sentimita 2.5 kwa siku wakati wa kilele cha kiangazi. Siku zinapoanza kufupika, homoni ya kiume hupanda, madini hujaa ndani ya mfupa, damu hukatika, ngozi hufa na kukauka. Mnyama huisugua kwenye vichaka na miti midogo. Kwa ayala wa mkia mweupe hilo hutokea mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba, na ikishaanza kuchanika mara nyingi huisha yote ndani ya siku moja.

Sasa linganisha hayo na kalenda ya uwindaji. Msimu wa upinde wa Nevada hufunguliwa Agosti 10. Tennessee hutenga siku tatu mwishoni mwa Agosti. Kentucky huanza Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Alaska huwinda karibou, yule ayala wa Aktiki, tangu Agosti. Misimu mingi ya bunduki huja Oktoba na Novemba, mahameli ikiwa imeshasahaulika, ingawa pwani ya South Carolina hata bunduki huruhusiwa kuanzia Agosti 15. Upinde huingia porini mapema kuliko bunduki. Kwa hiyo haishangazi kwamba kundi la mahameli limo katika kitabu cha wapiga upinde.

Kwa nini Boone and Crockett hukataa

Klabu hii ilianzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt na George Bird Grinnell, wakati wanyama wakubwa wa Amerika walipokuwa wakipungua kwa kasi ya kutisha. Mwaka 1922 mkusanyiko wa kitaifa wa vichwa na pembe ulifunguliwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ukiwekwa wakfu kwa kumbukumbu ya wanyama wakubwa wa dunia wanaotoweka. Kitabu cha kwanza cha rekodi kilitoka mwaka 1932, na kanuni ya upimaji inayotumika hadi leo ilipitishwa mwaka 1950. Nia ya mwanzo ilikuwa kuacha kumbukumbu ya mnyama mwenyewe. Ndiyo maana kitabu hupokea hata pembe zilizookotwa kwa mnyama aliyejifia porini, bila mwindaji yeyote.

Kwa nia hiyo, pembe iliyopatikana Wisconsin mwaka 1914 lazima iweze kulinganishwa na iliyopatikana mwaka huu, na kinacholinganishika baada ya miaka mia ni mfupa uliokomaa na kukauka. Mahameli hunywea, huchanika, huliwa na wadudu, na unene wake hutofautiana kati ya mnyama na mnyama, hata kati ya wiki na wiki kwa mnyama huyohuyo. Kuipima ni kupima kitu kitakachobadilika. Katazo hili ni kali, lakini kwa maoni yetu ni la haki, na hesabu ifuatayo inaonyesha sababu.

Ngozi nyembamba, inchi nyingi

Kwa ayala wa mkia mweupe mwenye pembe za kawaida, alama hujumlishwa hivi: upana wa ndani kati ya mashina mawili, urefu wa kila shina (mhimili mkuu wa pembe), urefu wa kila tawi, na mizingo minne kwa kila upande, yaani vipimo vya kulizunguka shina. Kisha hutolewa tofauti kati ya upande wa kushoto na wa kulia, pamoja na urefu wa matawi yasiyo ya kawaida. Kipimo ni inchi, hadi sehemu ya nane ya inchi, na mzingo hupimwa kwa utepe wa chuma wenye upana wa robo inchi.

Mizingo ndiyo yenye mtego. Ngozi ikiwa na unene wa milimita 2, haiongezi milimita 2 kwenye mzingo. Huongeza mara mbili ya unene, mara 3.14, yaani takriban milimita 12.6. Hiyo ni karibu nusu inchi, au 4/8. Mizingo ni minane. Kwa hiyo ngozi ya milimita 2 huleta takriban inchi 4 kwenye jumla, na ile ya milimita 1 huleta kama inchi 2, bila mfupa kuongezeka hata chembe.

Sehemu nyingine hazifuati mkondo huo. Urefu wa tawi hupimwa kutoka kwenye mstari unaochorwa juu ya ukingo wa shina. Ngozi iliyo kwenye ncha huongeza kidogo, lakini ngozi iliyo kwenye shina huinua mstari huo kwa kiasi kilekile, hivyo vinakaribia kufutana. Upana wa ndani hupungua, kwa kuwa ngozi imeziba pande zote mbili: milimita 2 na 2 ni milimita 4, zaidi kidogo ya 1/8. Urefu wa shina huongezeka kiasi kwenye ncha.

Chukua mfano wa pembe zilizokauka zikiwa na mahameli ya milimita 2, zenye alama 128. Ukizivua, mizingo inashuka inchi 4, upana wa ndani unapanda 1/8, na mashina mawili yanapungua 1/8 kila moja. Zinabaki 123 7/8. Kiwango cha chini cha Pope and Young kwa ayala wa mkia mweupe wa kawaida ni 125. Pembe hizo, zikiwa zimevuliwa, haziingii tena kwenye orodha ya pembe ngumu, yaani zisizo na mahameli. Wala si madume madogo tu yanayoguswa. Rekodi ya dunia ya ayala huyu katika kitabu cha Boone and Crockett ni 213 5/8, dume wa Saskatchewan wa mwaka 1993, aliyeipita rekodi ya 206 1/8 ya dume wa Wisconsin wa mwaka 1914. Pengo ni inchi 7 4/8, na milimita 2 za ngozi zingejaza zaidi ya nusu yake.

Kisha kuna ulinganifu. Mahameli ikichanika upande mmoja wakati mnyama anaburutwa, mzingo mmoja unaweza kusoma 4 4/8 na mwenzake 4 0/8. Tofauti hiyo hutolewa kwenye alama kama kasoro ya mnyama, ilhali kasoro ni ya kamba.

Hata hesabu ya matawi hutikisika. Ili kijitokeza kihesabiwe kuwa tawi kwa ayala wa mkia mweupe, lazima kiwe na urefu wa angalau inchi 1, na urefu huo uzidi upana wake mahali fulani, inchi 1 au zaidi kutoka kwenye ncha. Mahameli haiongezi urefu kwa kiasi cha maana, kama tulivyoona, lakini hunenepesha upana pande zote mbili. Kijitawi kifupi kilicho karibu na mpaka kinaweza kukataliwa kikiwa na ngozi na kukubaliwa kikiwa kitupu. Na kama hakipo mahali panapotarajiwa, kukubaliwa kwake ni hasara, maana kwenye pembe za kawaida hutolewa. Kwa karibou mpaka huo ni nusu inchi, na vijitawi ni vingi mno, kwa hiyo ubishi ni mwingi zaidi.

Ulaya ina tatizo la aina yake. Baraza la kimataifa la uwindaji na uhifadhi wa wanyamapori, CIC, humpima ayala mdogo aitwaye roe kwa kuzidisha wastani wa urefu kwa 0.5, uzito wa gramu kwa 0.1, na ujazo wa sentimita za ujazo kwa 0.3, ujazo ukipatikana kwa kuzamisha pembe majini. Halafu huongeza alama za rangi na za vijipele vilivyotapakaa juu ya mfupa. Mahameli hunyonya maji, hushika hewa, huongeza uzito, na huficha rangi na vijipele. Hapo karibu kila mstari wa kanuni unakosa cha kupima. Ayala huyo pia ana kalenda ya kinyume: pembe zake huota wakati wa baridi na husafishwa majira ya kuchipua.

Ncha laini

Dume akipigwa mapema, ncha zake huwa bado hazijajaa madini. Ukizitazama utaona zimevimba na kuwa butu, badala ya kuchongoka. Hapo mfupa haujakuwa mfupa. Ni gegedu lililojaa damu. Likikauka hunywea na kukunjamana, na ukivua ngozi linaweza kutoka nayo au kuvunjika. Anayepima nyumbani siku ya kwanza huandika urefu ambao hautakuwepo baada ya siku 60. Ncha zilizochongoka, na ngozi iliyoanza kubana na kukauka, ni dalili kwamba mfupa umekwisha kazi yake. Ncha zilizovimba ni dalili ya kupoteza inchi, kitabu chochote utakachochagua.

Ukitaka kuibakisha

Anayelenga kundi la mahameli la Pope and Young ana adui wa kwanza, nalo ni joto. Ndani ya ngozi kuna damu, na damu katika joto la Agosti huanza kuoza siku hiyohiyo. Usimshike mnyama kwa pembe, usifunge kamba kwenye pembe, wala usimburute. Funga pembe kwa kitambaa safi kikavu, mpeleke kivulini, na mjulishe mtaalamu wa kuhifadhi wanyama kabla hujaondoka porini. Kama hutamfikia siku hiyo, kichwa kiingie kwenye friza. Zungushia ncha vitambaa zisigonge ukuta wa friza, kisha funga kichwa chote kwa plastiki bila kuacha mwanya, la sivyo hewa kavu ya friza itaharibu ngozi.

Njia ya kuaminika zaidi ni kukaushia kwenye mashine inayogandisha na kunyonya maji kwa ombwe. Huchukua wiki nyingi na si rahisi kwa bei, lakini umbo la ngozi hubaki. Njia ya pili ni sindano. Huchanjwa mkato mdogo wa ngozi kwenye kila ncha, kichwa huning'inizwa pembe zikielekea chini ili damu ishuke, kisha dawa husukumwa kwa bomba la sindano ndani ya mishipa inayoonekana kama mistari iliyoinuka, kuanzia kwenye shina, mpaka kinachotoka kwenye ncha kiwe dawa na si damu. Kila tawi hupata sehemu yake, kisha nje hupakwa dawa kwa brashi. Mkato ni wa ngozi tu. Wapo wanaokata ncha yenyewe ili damu itoke haraka, na kumbe wamekata urefu wa mfupa ambao mpimaji hawezi kuurudisha.

Dawa zenye fomalini hufanya kazi, lakini fomalini ni sumu na inajulikana kusababisha saratani. Asiye na glavu, kinga ya macho na mahali pa wazi penye upepo asiiguse. Dawa nyingine za kuhifadhi ngozi zinapatikana kwa wauzaji wa vifaa vya kazi hii.

Kazi hii huharibika kwa namna zinazojirudia. Ngozi iliyo karibu na pete ya chini ya pembe huchelewa kupata dawa, nayo ndiyo yenye mishipa minene, kwa hiyo manyoya huanza kung'oka hapo. Malengelenge huonyesha damu iliyobaki ndani. Na hata iliyokauka vizuri huliwa na mende wadogo wa ngozi na viwavi wa nondo, basi dawa ya wadudu ni ya kila mwaka, si ya siku moja.

Ukitaka kuivua

Anayelenga Boone and Crockett, au orodha ya pembe ngumu ya Pope and Young, aivue mapema. Ikiwa bado mbichi hutoka kwa vipande virefu: chana kwa kisu butu kuanzia kwenye ncha, vuta kwa vidole, kisha osha kwa maji ya bomba yenye nguvu. Ikishakauka hugandamana na mfupa. Hapo zungushia mataulo yaliyolowa mpaka ilegee, na uwe na subira. Kisu kikali, tupa na msasa viache kabatini, maana huondoa vijipele vya mfupa vilivyo karibu na shina, na mzingo wa kwanza hupimwa huko, mahali pembamba zaidi kati ya pete na tawi la kwanza.

Pete yenyewe isafishwe kwa brashi mpaka mifereji yake ionekane. Urefu wa shina huanzia kwenye ukingo wa nje wa chini wa pete, na mpimaji asiyeuona kwa sababu ya ngozi na manyoya hana pa kuanzia. Fuvu likichemshwa, maji yasifike kwenye pembe. Dawa ya kung'arishia nguo nayo isitumike: hula mfupa na kuuacha kama chaki.

Kinachotokea chini ya ngozi huwashtua wengi. Pembe inayosuguliwa na mnyama hupata kahawia yake kutokana na utomvu wa miti na damu iliyokauka. Iliyovuliwa na binadamu hutoka nyeupe, au ya waridi penye damu. Mpimaji hajali, kwa kuwa rangi haina nafasi katika kanuni ya Boone and Crockett. Anayetaka ukutani ionekane ya asili huipaka pamanganeti ya potasiamu, au rangi nyepesi ya mbao, kidogo kidogo.

Kwa karibou wa Alaska, wengi huamua porini. Ndege ndogo inaweza kuchelewa siku kadhaa kwa ajili ya hali ya hewa, pembe ni kubwa, friza haipo. Anayesubiri ajionee mwenyewe itakavyokuwa hupata ngozi iliyooza nusu, isiyofaa kwa kundi la mahameli na iliyo ngumu kuvua. Kama huna hakika ya kufika kwenye baridi ndani ya siku moja, ivue.

Siku 60 huanza lini

Klabu zote mbili hudai pembe zikauke siku 60 katika hali ya kawaida ya chumba kabla ya kipimo rasmi. Wengi huhesabu tangu siku ya kuwinda, na hapo hukosea. Kama kichwa kilikaa friza, kikachemshwa, au kikaloweshwa ili ngozi itoke, siku huhesabiwa baada ya usafishaji kukamilika. Mfupa uliolowa hunyonya maji na kuvimba. Ule uliogandishwa bado unayo maji yake. Kilichotoka kwenye mashine ya kukausha kwa ombwe nacho husubiri siku 60 nje ya mashine, kwa sababu ya kinyume: kimekaushwa kupita kiasi na kinahitaji kurudiana na hewa.

Andika tarehe mbili kwenye karatasi na uifunge kwenye fuvu: siku ya kuangusha mnyama, na siku ambayo usafishaji ulikamilika. Ndizo tarehe zinazozua mabishano mezani pa mpimaji. Ukiwa na picha za pembe zikiwa na mahameli, zilizopigwa porini kabla ya kuguswa, ziweke pamoja na karatasi hiyo.

Mpimaji ni mtu wa kujitolea aliyefunzwa na klabu. Alama anayotoa ndiyo ya kuingilia kitabuni, lakini wanyama wa juu kabisa huitwa wapimwe upya na jopo mwishoni mwa kipindi, ambacho ni miaka mitatu kwa Boone and Crockett na miwili kwa Pope and Young. Rekodi ya dunia haitangazwi kwa kipimo cha mtu mmoja. Mwenye pembe kubwa za mahameli ajue kwamba lazima zidumu mpaka siku ya jopo.

Mahameli ya dukani

Mtaalamu wa kuhifadhi anaweza kuvua ngozi ya asili, kupaka gundi, na kuinyunyizia nyuzi fupi kwa umeme tuli hadi pembe ionekane kama siku ilipotoka porini. Ni kazi nzuri na haiozi. Lakini hiyo si ngozi ya mnyama, na chini yake mfupa hauwezi kupimwa tena. Mpangilio sahihi ni kuvua, kusafisha, kusubiri siku 60, kupimwa rasmi na kusaini fomu, ndipo nyuzi zipakwe. Anayefuata mpangilio huu hupata alama ya pembe ngumu kitabuni na sura ya mahameli ukutani. Anayegeuza mpangilio hupata sura peke yake.

Mpaka wa jimbo

Kuna sababu nyingine inayoweza kukuamulia. Ugonjwa wa kudhoofika wa ayala, uliogunduliwa Colorado mwaka 1967, huenezwa na protini zilizoharibika ambazo hukaa kwenye ubongo na uti wa mgongo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulizikuta hata katika mahameli ya elki. Majimbo mengi hukataza kuingiza kichwa kizima kutoka eneo lenye ugonjwa. Huruhusu kipande cha fuvu chenye pembe, kikiwa kimesafishwa na hakina tishu. Mahameli ni tishu. Uliza idara ya wanyamapori ya jimbo unalotoka, ya unalopita, na ya unalokwenda, kabla ya safari. Kama sheria yao haiikubali, mtafute mtaalamu upande huohuo wa mpaka ulikowinda, kichwa kisubiri huko.

Mahameli ya Novemba

Mara chache mwindaji hukutana na dume mwenye mahameli wakati wenzake wote wameshasugua zao miezi miwili iliyopita. Kinachokosekana ni homoni ya kiume. Huenda korodani hazikushuka, ziliumia, au ziliharibiwa na maradhi. Katika Kisiwa cha Kodiak, Alaska, watafiti waliwakuta madume wengi wa namna hiyo kwenye rasi ya Aliulik. Pembe zao hazidondoki wala hazikomai. Kila mwaka huongeza vinundu na vijitawi, mpaka kichwa kinafanana na mpungate, na kwa mmea wa jamii hiyo wawindaji wa Marekani huwapa jina.

Kanuni haiulizi ngozi imebaki kwa nini. Boone and Crockett huitaka itoke hata kwa dume huyu, na hapo ndipo shida ilipo: mfupa wa chini haukupata madini ya kutosha. Una matundu kama jiwe la matumbawe, ncha nyingi zimeshakufa kwa baridi ya miaka iliyopita, na vinundu vidogo hutoka pamoja na ngozi. Kwa mnyama kama huyu, aliyepigwa kwa upinde, kundi la mahameli la Pope and Young ndilo linaloweza kumwandika alivyokuwa porini. Aliyempiga kwa bunduki na kulenga kitabu cha Boone and Crockett avue polepole kwa maji na vidole tu, kinundu kwa kinundu, na ajue kwamba kitakachokatika hakitapimwa.